Siku Kengele Ilipolia Tena Milimani Taita

Wengi wenu mmekwisha kupita Voi kwa basi au kwa gari la moshi, mkienda Mombasa au mkitoka huko. Upande wa magharibi mliona milima imesimama peke yake katika nyika, vilele vyake vimefunikwa na mawingu. Hiyo ndiyo milima ya Taita. Leo nataka kuwapandisha huko, si kwa ajili ya kutazama mawingu, bali niwasimulie jinsi shule yetu moja ya msingi ilivyofunguliwa mwezi wa Januari 2021, baada ya kukaa kimya miezi tisa na zaidi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mimi ni karani wa parokia, na mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Jina la shule sitalitaja, wala majina ya watu, maana yamo humu mambo ya nyumbani kwa watu, na moja ni la aibu yangu mwenyewe.

Jinsi shule zilivyofungwa

Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku ya Ijumaa. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zote zifungwe. Kesho yake watoto wa shule za kutwa hawakutoka nyumbani. Wengi walidhani ni likizo ya majuma mawili matatu. Wengine waliacha madaftari yao ndani ya madawati. Lakini majuma yakawa miezi. Mwezi wa Julai Wizara ya Elimu ikasema kwamba mwaka ule wa masomo umepotea, na kila mtoto atabaki katika darasa lake mpaka mwaka ujao. Tarehe 12 Oktoba wakarudi watoto wa Gredi ya 4, wa darasa la 8 na wa Kidato cha 4 peke yao. Wengine wote waliambiwa warudi Jumatatu, tarehe 4 Januari 2021.

Njia ya kupanda

Siku mbili kabla ya kufungua, Padre alinituma Voi ninunue sabuni, chaki, na ndoo nne zenye bomba za kunawia mikono. Fedha zilikuwa mchango wa wazazi, shilingi ishirini ishirini na hamsini hamsini, na nilikuwa nimeziandika zote katika daftari. Nikalala Voi kwa ndugu yangu, na Jumapili baada ya Misa nikashika njia ya kurudi.

Voi iko chini nyikani, na jua lake linajulikana. Nilipanda matatu ya watu 14, lakini siku zile iliruhusiwa kuchukua watu 8 tu, kila mmoja na barakoa yake, na nauli ilikuwa imepanda. Ndoo zangu zilikaa juu ya kiti kama abiria. Tulifuata barabara ya Taveta, tukapita nyika yenye vumbi jekundu, kisha tukaona mashamba ya mkonge ya Mwatate, mistari na mistari mpaka macho yanachoka. Huko hupita pia ile reli ya zamani ya kwenda Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Pale Mwatate njia hugawanyika. Moja huendelea kuelekea Bura, mahali ambapo wamisionari Wakatoliki walianza kazi yao mwaka 1892, kisha Taveta na mpaka wa Tanzania. Nyingine hupinda na kuanza kupanda kwenda Wundanyi. Hapo ndipo matatu huanza kuguna. Barabara hujizungusha mlimani kama nyoka, na kila kona hewa hubadilika kidogo. Chini uliacha miiba. Sasa unaona migomba, mahindi katika matuta, kabichi, na majimbi kando ya maji. Ukifika Wundanyi unatafuta sweta. Hapo juu liko jabali la Wesu, na mbali zaidi kilele cha Vuria, ambacho ni kirefu kuliko vyote, mita 2,208.

Karibu nami alikaa mama mmoja, amepakata kifurushi. Nikamwuliza, "Mama, umetoka sokoni?"

Akajibu, "Nimetoka kununua viatu vya mtoto. Vile alivyovaa mwezi wa Machi havimwingii tena. Miguu haikungoja korona iishe."

Watu garini wakacheka, hata dereva. Lakini mimi nilifikiri: ikiwa miguu haikungoja, je, mambo mengine ya mtoto yalingoja?

Shule iliyonyamaza

Kutoka Wundanyi nilitembea karibu saa nzima kwa njia ya miguu, kijana mmoja akanisaidia ndoo mbili. Shule yetu iko juu ya mgongo wa kilima, na kanisa la kigango liko jirani yake. Tulimkuta mwalimu mkuu pamoja na wazazi wachache wakifyeka. Ingawa wale wa Gredi ya 4 na darasa la 8 walikuwako tangu Oktoba, walitumia vyumba vitatu tu vya upande wa mbele, wakikaa mbali mbali. Upande wa nyuma majani yalifika magotini. Mbuzi walikuwa wamefanya baraza la Gredi ya 2 kuwa zizi lao, na ndani nyigu walikuwa wamejenga juu ya dirisha.

Tulipofungua chumba cha darasa la 7, tukakuta ubao bado una maandishi. Juu iliandikwa tarehe: Ijumaa, 13 Machi 2020. Chini yake ilikuwako hesabu ya sehemu: robo tatu kugawanya kwa nusu. Jibu halikuandikwa. Bila shaka kengele ililia kabla hawajamaliza. Mzazi mmoja akachukua kitambaa ili afute, lakini mwalimu mkuu akamzuia. "Iache," akasema. "Wenyewe watakuja kuimaliza."

Mimi nikasimama nikiitazama hesabu ile, na moyo ukanichoma. Maana nilikuwa nimekwisha kuiona mahali pengine.

Redio ina mdomo, haina masikio

Haifai kusema kwamba watoto waliachwa bila msaada wo wote. Taasisi ya mitaala ilileta masomo kwa redio za KBC na kwa televisheni, na mengine yakawekwa katika intaneti. Masomo ya redio yalikuwa mazuri. Niliyasikiliza mwenyewe nikiwa ofisini. Mwezi wa Julai 2020 kampuni moja ya Marekani iitwayo Loon ilirusha maputo makubwa juu angani ili kupeleka intaneti katika sehemu za kati na za magharibi mwa Kenya. Sisi milimani Taita hatukuwa chini ya maputo hayo, na kazi yake ilikoma mwaka 2021.

Lakini tazameni nyumba moja ya huku kwetu. Baba ana simu moja, naye huondoka nayo alfajiri. Redio ni moja, na betri hununuliwa mahindi yakiuzwa. Watoto ni watano, kila mmoja darasa lake na saa yake. Saa ya somo la mkubwa ndiyo saa ya kukata majani ya ng'ombe. Na ukiwa bondeni, kilima husimama kati yako na mtambo, redio ikakwaruza tu. Hata aliyesikia vizuri alikuwa na shida nyingine: redio ina mdomo, lakini haina masikio. Mtoto asiyeelewa hawezi kuinyoshea mkono. Somo linakwenda zake, yeye anabaki.

Basi, mtoto mmoja wa jirani yangu, kijana wa darasa la 7, alitafuta mwenye masikio. Alinijia mimi. Alijua kwamba nilisomea ualimu chuoni, ijapokuwa baadaye niliishika kalamu ya ukarani. Ilikuwa mwezi wa Julai. Alisimama kwenye ua, daftari mkononi.

"Shikamoo, Karani. Naomba unionyeshe hii moja tu."

Ilikuwa hesabu ile ile: robo tatu kugawanya kwa nusu. Aliinakili Ijumaa ile ya mwisho. Kumwonyesha kungechukua dakika kumi. Lakini nyumbani ninaye mama yangu mzee, na kila siku tulisikia hesabu ya waliokufa. Nikaogopa. Nikamwambia, "Ngoja shule zifunguliwe, mwanangu." Mwezi wa Agosti akaja tena, nami nikamjibu maneno yale yale, safari hii kupitia dirishani. Mara ya tatu hakuja. Woga wangu ulikuwa na sababu. Hilo nalisema hata leo. Walakini tungeweza kusimama uani, yeye upande ule na mimi upande huu, nikamwandikia juu ya mchanga. Hilo halikunijia, kwa sababu sikulitafuta.

Kengele

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu. Kengele yetu ni ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini. Mwalimu wa zamu alipoigonga, mlio wake ulishuka mpaka bondeni, na ng'ambo ya pili mbwa wakabweka. Watoto wakaanza kutokea ndani ya ukungu, wawili wawili, watatu watatu. Suruali zilikuwa zimepanda juu ya vifundo. Barakoa zilishonwa kwa kila namna ya kitambaa, hata vipande vya leso za mama zao. Kila mmoja akanawa kwa zile ndoo za bomba, na wadogo wakanawa mara mbili mbili kwa sababu bomba liliwafurahisha.

Vyumba havikutosha ikiwa watoto watakaa mbali mbali. Padre alikuwa amekubali kanisa la kigango litumike siku za kazi, basi tulihamisha mabenchi, na darasa la 5 likasomea humo. Gredi ya 1 wakakaa chini ya mti. Walimu walikuwa wale wale, hawakuongezeka hata mmoja, nao walikuwa wakikimbia kutoka kikundi hiki kwenda kile kama mama mwenye vyungu vitatu motoni.

Nilikwenda darasa la 7 kupeleka chaki. Mwalimu, mama mmoja mpole lakini asiyechezewa, aliwaonyesha ubao. "Nani atatumalizia?" Kimya. Msichana mmoja, ambaye zamani alikuwa wa mbele, akaenda akashika chaki, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nilikuwa ninaijua." Mwalimu akamjibu, "Ninajua ulikuwa unaijua. Keti, tutaanza pamoja." Siku ile hawakuendelea na somo jipya. Walirudi mpaka kugawanya chungwa.

Kisha mwalimu akasoma majina. Walioandikwa walikuwa 38. Walioitika walikuwa 29. Alipofika kwenye jina la kijana wa jirani yangu, hakuna aliyejibu.

Kutafuta majina tisa

Mwalimu mkuu hakukaa kungoja. Alisema, "Kufungua mlango si kurudisha watoto. Mlango tumeufungua, sasa twende tukawaite." Nami nilikuwa na vitabu vya jumuiya ndogo ndogo, vyenye majina ya nyumba kwa nyumba, za kila kilima. Alasiri ile na siku zilizofuata nilitembea pamoja na mwalimu wa darasa la 7, tukipanda na kushuka. Watano tuliwapata kwa urahisi: mmoja hakuwa na sare, wawili wazazi wao hawakusikia siku ya kufungua, wawili walikuwa bado kwa nyanya yao chini Mwatate. Juma lile lile wakarudi. Wanne waliobaki ndio waliotupa kazi.

Nyumba ya kwanza tulipokelewa na bibi mmoja mzee. Ndani tukasikia mtoto mchanga analia. Mjukuu wake, wa darasa la 7, ndiye aliyekuwa mama yake. Bibi alificha uso. Mwalimu hakumgombeza mtu. Alimwomba msichana atoke, akamwambia, "Jina lako bado limo kitabuni. Sheria ya nchi inakuruhusu kurudi, nami nitakupokea." Naam, tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya ina utaratibu wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo mpya. Lakini wangapi katika vijiji wanaojua? Msichana hakusema kitu. Bibi akasema, "Mtoto akiweza kunywa uji, mimi nitamlea." Tukaliandika neno lile, maana lilikuwa ahadi.

Nyumba ya pili ilifungwa kwa mnyororo. Jirani akasema walihama kutafuta vibarua, labda Taveta, labda mbali zaidi, na watoto wao wawili, wote wa darasa lile. Wale hatukuwapata. Mwalimu alituma habari kwa chifu na kwa jamaa zao, pasipo jibu.

Na wa mwisho alikuwa kijana wangu. Hakuwa nyumbani. Tulimkuta chini ya kilima, kwenye machimbo ya mawe, anaponda kokoto kwa nyundo. Alikuwa amerefuka, mikono imekuwa migumu kama ya mtu mzima. Mama yake alikuwa kando yake, akiponda pia. Baba alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya pwani. Wageni walipokoma kuja, hoteli ilifungwa, naye akarudi mikono mitupu.

Mama akasema, "Karani, Mwalimu, karibuni. Najua mliloijia. Sikatai shule. Lakini kila debe analoponda ndilo unga wetu. Mkimchukua, mtaniletea nani?"

Mwalimu akanyamaza, maana lile lilikuwa swali la kweli. Kijana akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema, "Karani, mimi nilikuja kwako. Mara mbili."

"Ndiyo," nikajibu. "Ulikuja, nami nikakufukuza. Nimekuja kukuomba radhi. Ile hesabu bado unayo?"

"Nimeiacha."

Nikachukua debe lake, nikalijaza kokoto mpaka robo tatu. Kando palikuwa na ndoo ndogo ambayo yeye mwenyewe huitumia kupima nusu debe. Nikamwambia, "Hizi ni robo tatu za debe. Nipimie kwa nusu. Zitatoka nusu ngapi?" Akamimina. Ndoo ya kwanza ikajaa. Ya pili ikafika kati. Akainama akaitazama muda mrefu, kisha akacheka. "Moja na nusu! Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," nikasema, na kwa kweli nilitamani ardhi inifiche. Miezi sita alikuwa ameingoja dakika ile.

Basi tukakaa juu ya mawe tukazungumza na mama yake kama watu wazima. Mwisho tukapatana hivi: kijana atakwenda shule siku za masomo, na Jumamosi atamsaidia mama. Wazazi wa jumuiya yao wakakubali kuleta unga kidogo kidogo mpaka baba apate kibarua. Sare aliazimwa na mtoto wa jirani aliyekuwa amemaliza. Nami nikaahidi kuwafundisha hesabu yeye na wenzake jioni, saa kumi na moja, penye baraza la kanisa, bila malipo. Jumatatu iliyofuata, jina lake liliposomwa, alijibu.

Baada ya siku zile

Msidhani kwamba mambo yalikwisha kwa siku moja. Ili kurudisha muda uliopotea, mihula ilifupishwa na likizo zikawa siku chache. Mwaka mpya wa masomo ulianza tarehe 26 Julai 2021, na kalenda haikurudi kuanza Januari mpaka mwaka 2023. Walimu walichoka, watoto walichoka, na wazazi walilipa karo za kaka na dada wa sekondari mara nyingi kuliko desturi. Kijana wangu alifanya mtihani wa darasa la 8 mwezi wa Machi 2022. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, akaingia sekondari ya kutwa. Yule msichana alirudi mwezi wa Mei 2021, mtoto alipoanza uji, na bibi akatimiza neno lake. Wale wawili wa nyumba ya mnyororo hawakurudi. Mwalimu wao hakuyakata majina yao kwa kalamu nyekundu mpaka daftari la mwaka ule lilipokwisha.

Ndugu zetu wa shule za msingi Tanzania walirudi mapema, tarehe 29 Juni 2020. Wa Uganda wengi walingoja mpaka tarehe 10 Januari 2022. Naamini kila kijiji, huku na huko, kina majina yake ambayo hayakuitikiwa. Baadhi yao sasa ni vijana wakubwa, wanaponda mawe au wanaendesha pikipiki, na watu wamekwisha sahau kwamba waliacha shule si kwa utundu bali kwa sababu mlango ulifungwa mbele yao, na ulipofunguliwa hakuna aliyewaendea.

Wazazi wenzangu, kama yuko mmoja wa namna hiyo karibu na nyumba yako, usimwulize kwa nini hakurudi. Mwulize alifika wapi. Huenda jambo analongoja ni la dakika kumi tu.

Jioni zile za barazani bado zinaendelea. Ukipita huku kwetu saa kumi na moja, utatukuta. Chukua sweta.